Kukereza kalamu za mbao: majibu kwa wanaoanza

Maswali ya mwezi huu yote yanahusu kalamu za mbao zinazokerezwa kwa mashine. Tumeyapanga kwa mfuatano wa kazi yenyewe, na msomaji makini ataona kuwa machache tu yanagusa patasi. Kalamu nyingi zinazoishia kwenye pipa la taka huwa zimeharibika wakati wa kukausha mbao, kutoboa au kutia gundi. Patasi huja baadaye na kufichua kosa lililokwisha kufanyika. Ndiyo maana majibu marefu yako huko.

Swali: Shikamooni. Nimemaliza useremala VETA na nataka kuanza kukereza kalamu, lakini mtaji wangu ni mdogo. Ninunue nini kwanza? Na je, drili ya mkono iliyofungwa kwenye jiliwa inaweza kufanya kazi ya mashine? — Msomaji, Iringa

Jibu: Marahaba, mdogo wetu. Tuanze na drili: inafaa kutobolea, haifai kukerezea. Beringi zake zimetengenezwa kubeba msukumo wa mbele, si wa ubavuni, na hakuna mkia wa kuushika upande wa pili mhimili, yaani chuma chembamba kinachobeba vipande vya kalamu. Mhimili utayumba, patasi itanasa, na kipande kitaruka.

Kalamu ni kazi fupi, hivyo mashine ndogo ya mezani yenye nafasi ya milimita 300 kati ya kichwa na mkia inatosha kabisa. Mota ya nusu hospawa haitalemewa. Unachopaswa kukikagua kabla ya kulipa ni vitu viwili. Kwanza, tundu la kichwa na la mkia liwe la tepa ya Morse namba 2, yaani kipimo cha tundu linalopungua upana kuelekea ndani, kwa sababu mihimili na vishikio vingi vya drili vimetengenezwa kwa tepa hiyo. Mashine nyingine ndogo zina namba 1. Vifaa vyake vipo, ila ukinunua namba 2 havitaingia. Pili, weka ncha kali kwenye kichwa na nyingine kwenye mkia, kisha usogeze mkia hadi ncha hizo zikutane. Zisipogusana nukta kwa nukta, mashine hiyo itakutobolea matundu yaliyokwenda upande na kukukerezea kalamu za umbo la yai. Muuzaji akikuambia tofauti ya milimita moja si kitu, kwa miguu ya meza anasema kweli, kwa kalamu hapana.

Kama hela haitoshi kununua mashine, tafuta fundi anayekereza miguu ya vitanda au nguzo za ngazi, umwombe akukodishe kwa saa. Mashine yake huenda ni ya mikanda na puli; mwombe ahamishie mkanda kwenye puli ya mwendo wa kasi. Mtaji wako uweke kwenye vifaa vya mkononi: mhimili wa kalamu pamoja na bushi zake (pete za chuma zinazokuonyesha kipenyo cha kuishia), ncha mbili za drili za milimita 7, kisawazisha ncha cha milimita 7, bobari (patasi ya mdomo uliopinda) ya kama milimita 19, patasi moja ya mdomo wa mshazari, kalipa na jiwe la kunolea. Patasi ziwe zimeandikwa HSS, yaani chuma kigumu kinachodumu na makali, maana chuma cha kawaida hupoteza makali upesi ukigusa mpingo au msaji. Usilibanie hela jiwe la kunolea, kwani patasi butu haikati, inang'oa.

Swali: Mtandaoni kuna seti za kalamu za majina mengi: slimline, cigar, sierra. Ya kuanzia ni ipi, na ndani yake kuna nini? — Msomaji, Eldoret

Jibu: Anza na slimline. Hutumia vimrija viwili vya shaba njano vyenye kipenyo cha milimita 7 na urefu wa kama milimita 53 kila kimoja, vinavyogundishwa ndani ya mbao, na ncha ya drili ya milimita 7 haikosekani dukani. Pamoja na vimrija hivyo utakuta ncha ya kalamu, kizungushio kinachotoa na kurudisha wino, pete ya katikati, klipu, kofia inayoishika klipu, na rifili nyembamba.

Sierra ina kimrija kimoja tu, jambo linalopunguza kazi, lakini hudai ncha ya drili ya inchi 27/64, yaani kama milimita 10.7, na ncha ya kipimo hicho itakusumbua kuipata. Cigar ni nene, inashikika vizuri na wateja huipenda. Iache kwa baadaye, kwa sababu bushi zake zina vipenyo tofauti na mgeni huzichanganya.

Jambo moja la kukumbuka: watengenezaji hawafanani. Vimrija vya seti moja vinaweza kuzidi vya nyingine kwa milimita moja au mbili. Pima vimrija ulivyonavyo, usitegemee kipimo ulichokisoma mahali, hata hiki chetu.

Swali: Naombeni hatua zote, tangu kukata mbao hadi kuifunga kwenye mashine. Vipande vyangu vitatu vilipasuka wakati wa kutoboa, na cha nne gundi ilikauka kimrija kikiwa nusu ndani nusu nje. — Msomaji, Mwanza

Jibu: Umetuuliza kiini cha kazi hii, ndugu, kwa hiyo tutakwenda polepole.

Kata kipande cha mraba wa milimita 19 hadi 20 na urefu wa kama milimita 130. Kabla ya kukigawa, chora kwa penseli mstari mmoja ubavuni, kutoka mwanzo hadi mwisho, na weka alama mbili za mshale zinazotazamana pale utakapokata. Zitakusaidia kurudisha nusu mbili katika mpangilio wake, ili nyuzi za mbao zionekane kama zinaendelea kutoka ncha hadi klipu. Mteja anaweza asijue kwa nini kalamu moja inavutia kuliko nyingine. Mara nyingi sababu ni hiyo.

Sasa kata vipande viwili, kila kimoja kirefu kuliko kimrija kwa milimita 6 au 7. Ziada hii ndiyo dawa ya tatizo lako la kwanza. Drili inapotokea upande wa pili husukuma nyuzi za mwisho ambazo hazina kitu cha kuzishikilia, nazo hupasuka. Kipande kikiwa kirefu, unaweza kutoboa hadi ubakize milimita 2 au 3 bila kutokeza, kisha ukakata kwa msumeno ule mwisho uliozibwa. Tundu litafunguka safi.

Fungia kipande kwenye jiliwa lililosimama wima kabisa chini ya drili ya stendi, au kwenye mashine yenyewe ukiwa na kishikio cha drili kwenye mkia. Kwa mbao ngumu, mizunguko 500 hadi 600 kwa dakika inatosha. Ingiza milimita 5, toa, pangusa unga, ingiza tena. Ukiisukuma drili kwa mkupuo mmoja, unga hujaa kwenye mifereji yake, ncha hupata moto, nao moto huo huufanya ukuta wa ndani utanuke na kupasuka. Wakati mwingine ufa hauonekani siku hiyo. Huja kuonekana ukishapiga msasa wa mwisho. Ukinusa harufu ya kuungua, simama, acha ncha ipoe.

Baada ya kutoboa, jaribu kimrija kikiwa kikavu. Kinapaswa kuteleza ndani bila kupigwa, na bila kuchezacheza. Kikikataa, usikigongee, pitisha drili tena taratibu, kwani huenda kuna unga umebaki.

Kimrija kinapotoka kiwandani kinang'aa, na gundi haipendi mng'ao. Kisugue kwa msasa namba 150 hadi kiwe na mikwaruzo pande zote. Ziba mdomo mmoja ili gundi isiingie ndani: kigandamize juu ya kipande chembamba cha kiazi kibichi na kitakata kizibo chake chenyewe, au tumia nta laini. Gundi ikiingia ndani, ncha ya kalamu haitaingia, na kuikwangua bila kuharibu shaba ni kazi kubwa.

Gundi yenyewe: kwa anayeanza tunashauri epoksi ya mirija miwili, ile inayochanganywa nusu kwa nusu. Supaglu ndiyo iliyokukamata kwenye kipande cha nne. Hushika kwa sekunde chache, hasa tundu likiwa na joto la drili au unyevu kidogo, na kimrija kikisimama katikati ndiyo basi. Gundi nyeupe ya mbao usiitumie kabisa hapa, kwa sababu hukauka kwa maji yake kunywewa na mbao, na shaba hainywi maji. Paka epoksi kwenye kimrija na kidogo ndani ya tundu, ukiingize kwa kukizungusha mbele na nyuma ili gundi isambae, ukizamishe hadi kiwe katikati ya kipande, kisha ukiache mpaka kesho. Hata ile inayoandikwa dakika tano iache mpaka kesho, kwani ugumu wake kamili huchelewa.

Kesho yake sukuma kizibo nje na tumia kisawazisha ncha. Mti wake huingia ndani ya kimrija na meno yake hukwangua mbao hadi uso wake uwe pembe mraba na tundu. Zungusha taratibu, na mara shaba inapong'aa duara zima, acha hapo hapo. Ukiendelea, kimrija kitafupika na rifili haitakaa mahali pake.

Hapo tu ndipo kipande kiko tayari kwa mashine. Panga kwenye mhimili: bushi, kipande, bushi ya kati, kipande, bushi, halafu nati. Mishale yako ya penseli itazamane.

Swali: Kwenye mashine niende kwa kasi gani, na niache lini kukata? — Msomaji, Tanga

Jibu: Kuondoa pembe za mraba, mizunguko 1,500 hadi 2,000 kwa dakika. Kipande kikishakuwa duara, panda hadi 2,500 au 3,000. Egemeo la patasi liwe karibu na mbao, kama milimita 3, na kila mara zungusha kipande kwa mkono kabla ya kuwasha, uhakikishe hakigusi kitu.

Bobari ishuke kwa kukwangua maranda membamba kutoka katikati kwenda pembeni. Ikibaki milimita 1, hamia kwenye patasi ya mshazari iliyonolewa upya. Acha kukata unapokuwa juu ya bushi kwa kama milimita 0.3, yaani unene wa karatasi tatu hivi. Msasa utamaliza kilichobaki. Bushi za slimline zina kipenyo cha kati ya milimita 8 na 8.5. Toa milimita 7 za kimrija, ugawe kwa mbili, utaona kuwa ukuta wa mbao unaobaki pale mwishoni ni kama milimita 0.6 tu. Ndiyo sababu kila kosa la kutoboa na kukausha huonekana kwenye kalamu kuliko kwenye bakuli au mguu wa meza.

Msasa: ondoa egemeo, punguza mwendo hadi 800 au 1,000, anza na namba 180, kisha 240, 320, 400 na 600. Kila ukimaliza namba moja, zima mashine usugue kwa mkono kufuata urefu wa nyuzi ili kufuta mikwaruzo ya duara. Kwa mbao ya rangi nyeupenyeupe kama mwembe, jihadhari na bushi za chuma: msasa ukizigusa hutoa unga mweusi unaoingia kwenye vinyweleo vya mbao na kuuacha mwisho wa kalamu kama umeguswa na mkaa. Pangusa bushi mara kwa mara, usikokote msasa kutoka kwenye bushi kuja kwenye mbao.

Na kitambaa kisikaribie mhimili unaozunguka. Kikinaswa, huvuta kidole. Tumia karatasi laini ya kufutia, inayokatika.

Swali: Nimetengeneza kalamu kumi za mpingo, zimetoka nzuri sana. Baada ya mwezi mmoja nne zimepasuka kwa urefu. Mbao niliinunua Lindi, karakana yangu iko Dodoma. Kosa ni la gundi? — Msomaji, Dodoma

Jibu: Gundi haina kosa. Gundi imeshika vizuri mno, na hilo ndilo lililozipasua.

Mbao inapopoteza maji haifupiki kwa urefu kwa kiasi cha kuonekana, lakini husinyaa kwa mzingo. Pete ya mbao iliyoachwa huru ingepungua kipenyo na kuishia hapo. Kwenye kalamu, ndani ya pete hiyo kuna mrija wa shaba usiosinyaa hata kidogo, na umegandishwa. Mbao inataka kubana, shaba inakataa, na ukuta wa nusu milimita hauna nguvu ya kushindana. Unafunguka kwa mstari mmoja kufuata nyuzi. Mbao ya Lindi ilikuwa imezoea hewa ya pwani yenye unyevu. Dodoma ni kukavu, hasa kuanzia Juni hadi Oktoba. Mabadiliko hayo yanatosha kupasua hata kipande ulichoambiwa ni kikavu.

Mpingo una tabia ya ziada. Ni mzito kiasi cha kuzama majini, na kwa sababu ya ubana huo maji yake ya ndani hutoka polepole sana. Gogo linaweza kuonekana kavu nje kwa muda mrefu huku ndani likiwa bichi. Viwanda vinavyokata mpingo kwa ajili ya zumari za Ulaya, yaani klarineti na obo, hupaka nta kwenye ncha za vipande ili maji yasitoke upesi huko na kuacha nyufa. Fanya hivyo hivyo.

Utaratibu tunaoupendekeza ni huu. Kata vipande vya kalamu mapema, kwa sababu mraba wa milimita 20 hukauka haraka kuliko ubao mnene. Paka nta iliyoyeyushwa kwenye ncha zote mbili. Viweke kivulini penye upepo, juu ya vijiti ili hewa ipite chini. Andika uzito wa kila kimoja kwa mizani ya jikoni ya gramu, na upime tena kila wiki. Uzito ukikaa palepale kwa wiki tatu au nne mfululizo, kipande kimelingana na hewa ya kwako. Mwenye kipima unyevu atafute asilimia 8 hadi 12. Usijaribu kuharakisha kwa jua kali au kwa oveni, kwani mpingo utakulipa nyufa.

Halafu kuna hatua ambayo wengi huiruka: ukishatoboa, usitie gundi siku hiyo. Tundu limefungua ndani ya mbao ambayo haijawahi kuona hewa. Acha vipande vilivyotobolewa vikae wiki moja au mbili, vipime uzito tena, kisha rudisha drili ya milimita 7 kulisafisha tundu kama limebana. Ndipo utie gundi, na iwe epoksi, kwa kuwa inapokauka hubaki na mnyumbuko zaidi kidogo kuliko supaglu.

Wakati wa msasa, gusa kalamu kwa kidole kila baada ya sekunde chache. Ikikuunguza, umekwisha kuipa sababu ya kupasuka.

Kama unataka kujifunza bila kupoteza mpingo, tumia mninga. Husinyaa kidogo mno, haupindi, unakerezeka kwa urahisi na rangi yake ya kahawia yenye wekundu inapendeza bila kutiwa kitu. Msaji nao hutulia, ila una chembe kama mchanga zinazokula makali, utanoa mara nyingi. Mvule hufaa pia, lakini nyuzi zake hupishana na mara nyingine una mawe madogo ndani yanayovunja ncha ya patasi. Mnazi mkongwe, ule upande wa nje wa shina, hutoa madoadoa ya kupendeza sana. Tatizo ni nyuzi zake kung'oka, kwa hiyo ukikaribia kipimo lowesha kipande kwa supaglu nyepesi, acha ikauke, kisha endelea.

Swali: Nitautambuaje mpingo wa kweli? Nimewahi kuuziwa mbao iliyopakwa rangi ya viatu. — Msomaji, Machakos

Jibu: Lowesha pamba kwa spiriti uisugue mbao: rangi ya viatu itatoka nyeusi tele, ingawa mpingo nao unaweza kuacha rangi kidogo, kwa hiyo usiishie hapo. Kata ncha kidogo kwa msumeno uone kama weusi unaendelea ndani. Tumbukiza kipande kwenye ndoo. Kiini cha mpingo huzama. Na usishangae ukikuta ukanda mweupe wa njano ubavuni, huo ni mti wa nje wa mpingo wenyewe, na ukiuacha uonekane kwenye kalamu ni pambo zuri.

Vipande vya kalamu si lazima vitoke kwenye gogo jipya. Mpingo ukikatwa kwa ajili ya vinyago au zumari, sehemu kubwa ya gogo hubaki kuwa makapi, na makapi ya sentimita 13 yanakutosha. Waulize wachongaji, mfano wa pale Mwenge, Dar es Salaam, na udai risiti. Huko Machakos mpingo umeadimika, na wachongaji wengi wamehamia mwarobaini na mwembe. Yote miwili inakerezeka vizuri ikikaushwa.

Swali: Kalamu zangu zinatoka na umbo la yai. Upande mmoja mbao inalingana na ncha, upande wa pili imezidi. — Msomaji, Kampala

Jibu: Legeza nati ya mhimili. Mhimili wa kalamu ni mwembamba, na ukikaza nati kwa spana, au ukisukuma mkia kwa nguvu, unapinda katikati kama upinde. Kipande kitazunguka kwa mhimili uliopinda, na ukikitoa utaona kimekatwa zaidi upande mmoja. Kaza nati kwa vidole, sogeza mkia mpaka uguse na kuanza kuzunguka, uufunge hapo.

Ikiendelea, kagua uso wa kipande: usipokuwa pembe mraba na tundu, hata nati iliyokazwa kwa vidole itauvuta mhimili upande. Kisha kagua bushi, maana baada ya kupigwa msasa mara nyingi huliwa na kuwa ndogo kuliko kipimo. Mwisho ubiringishe mhimili juu ya kioo. Ukiona mwanga unapita chini yake sehemu moja, umepinda, na haunyooki tena kwa uhakika. Nunua mwingine, na hapo kereza kipande kimoja kimoja badala ya viwili pamoja. Mhimili mfupi haupindi upesi.

Swali: Napaka supaglu ili kalamu ing'ae kama kioo, lakini inageuka nyeupe au inabanduka kama ngozi. — Msomaji, Mombasa

Jibu: Weupe wa uso mzima ni unyevu au haraka. Hewa ya Mombasa asubuhi ni nzito, na supaglu hukauka kwa kutumia unyevu, hivyo tabaka nene hufunga juu kabla ya chini na kuacha ukungu na vipovu. Kichapuzi cha kupuliza, yaani dawa ya kuikausha gundi haraka, kikizidi huleta matokeo yaleyale. Puliza kwa umbali wa sentimita 30, mara moja tu, au usikitumie kabisa.

Paka matone mawili au matatu kwenye karatasi laini iliyokunjwa, upitishe chini ya kalamu kwa mizunguko 500, kutoka mwisho hadi mwisho, usirudie palepale. Subiri ikauke. Tabaka 8 hadi 10 nyembamba ni imara kuliko 3 nene. Siku inayofuata ndipo usugue kwa msasa wa maji kuanzia namba 600 hadi 2000, kisha umalizie kwa polishi. Weupe ukiwa mwishoni tu mwa kalamu, ni maji ya msasa yaliyoingilia pale ambapo mbao haikufunikwa. Pakaza supaglu nyepesi kwenye nyuso za mwisho kabla ya kugusa maji.

Kubanduka ni mafuta. Mpingo na msaji vina mafuta ya asili. Vifute kwa asetoni na upake mara inapokauka, usingoje mpaka mafuta yapande tena. Ila kwa mpingo tuna maoni yetu: usiupake. Upige msasa hadi namba 2000, usugue kwa nta ngumu mashine ikizunguka, nao utang'aa kwa uzuri wake wenyewe na kuzidi kupendeza kwa kushikwa. Polishi ya shelaki nayo ni rahisi kupaka, lakini jasho la mkono huila baada ya miezi michache.

Tahadhari mbili. Supaglu nyingi kwenye kitambaa cha pamba hupata moto kiasi cha kuunguza ngozi, kwa hiyo pamba isitumike. Na bushi zipakwe nta kabla, la sivyo zitagandana na kalamu. Zikigandana, kata mstari wa gundi kwa ncha ya patasi kabla ya kuzitoa.

Swali: Nimekusanya kalamu lakini wino unatokeza nusu tu. — Msomaji, Bukoba

Jibu: Kizungushio hakijazama vya kutosha. Kwenye kipande cha chini, ingiza ncha ya kalamu kwanza, kisha upande wa pili sukuma kizungushio, mdomo wa shaba ukitangulia, hadi karibu na mkunjo uliochorwa kwenye shingo yake. Hapo simama. Fungia rifili, zungusha, utazame. Ikitokeza kidogo, sukuma nusu milimita nyingine, ujaribu tena. Kuzamisha ni rahisi, kurudisha nyuma ni karibu muhali bila kuvunja, hivyo usikimalize kwa mara moja. Tumia jiliwa lenye vipande vya mbao mdomoni, usigonge kwa nyundo. Ikishakaa sawa, klipu na kofia yake ziingie kwenye kipande cha juu, pete ya kati ivae shingo ya kizungushio, na vipande viwili viungane kwa mkono, mishale ya nyuzi ikiwa imelingana.

Swali: Ngozi inaniwasha na napiga chafya nikikereza mpingo. Nivumilie? — Msomaji, Mtwara

Jibu: Hapana, dada. Vumbi la mpingo na la mvule huudhi ngozi, macho na mapafu, na mwili huzidi kulikataa kadiri unavyoendelea kulivuta. Barakoa ya kitambaa haitoshi. Tafuta ya N95 au FFP2. Vaa mikono mirefu inayobana kifundoni, nawa kabla ya kugusa uso, na weka feni nyuma yako ipeperushe vumbi kuelekea mlangoni. Kifua kikibana, acha mbao hiyo na umwone daktari.

Swali: Watalii wananunua kalamu zangu za mpingo, na mmoja wa Ujerumani anataka nimtumie pia vipande ghafi akereze mwenyewe. Kuna kizuizi? — Msomaji, Arusha

Jibu: Kalamu na vipande ghafi havihesabiwi sawa. Mpingo umo katika jamii ya Dalbergia, ambayo karibu yote iko kwenye Kiambatisho II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu mwaka 2017. Kwa marekebisho ya mwaka 2019, bidhaa zilizokamilika zenye mbao isiyozidi kilo 10 kwa shehena moja hazihitaji kibali cha CITES. Kalamu ya gramu chache kwenye begi la mtalii imo humo. Kipande ghafi si bidhaa iliyokamilika hata kiwe kidogo namna gani. Kinahitaji kibali kabla ya kuvuka mpaka, na bila kibali kinaweza kuzuiliwa na forodha. Sheria za nchini kuhusu mazao ya misitu nazo ziko palepale, kwa hiyo nenda ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu iliyo karibu nawe ukiwa na risiti za mbao, uulize kabla ya kupokea hela ya mteja.